Mara Tatu Niliandika "Utani"

Nimestaafu mwaka huu. Wenzangu wa ofisini waliniaga kwa keki, kitenge na hotuba ndefu, na aliyeisoma alinisifia mambo ambayo mwenyewe siyakumbuki. Alisema nimekuwa mtendaji wa kata mwenye kusikiliza watu. Nilikula keki yangu. Sasa nimekaa nyumbani kwangu Majengo, hakuna anayenipigia simu kuuliza barua yake imefikia wapi, na nimeona niwaandikie ninyi mnaoanza kazi hii. Nitasema juu ya malalamiko ya watu wanaoonewa na kuchukiwa kwa sababu ya walikotoka, maana hapo ndipo niliposhindwa vibaya kuliko mahali pengine popote. Ya vyeo na mishahara siyagusi. Vyeo mtapewa hata msipostahili, na mishahara mnaijua wenyewe.

Nilianza nikiwa mtendaji wa kijiji, upande wa Sibwesa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza ya miguu mitatu na tofali, muhuri, na daftari kubwa la malalamiko ambalo mistari yake niliipiga mwenyewe kwa rula: tarehe, jina, lalamiko, aina ya tukio, hatua iliyochukuliwa. Aliyekuja kunionyesha kazi ni mtendaji wa kata, Bwana Masanja, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mimi ni Mfipa, kabila linalosingiziwa uchawi. Kabla hajanisalimia alishaniuliza kama nimekuja kwa basi au kwa ungo. Nikamwambia nimekuja kwa basi, ungo nimeuacha nyumbani kwa kuhofia Wasukuma wa njiani wangeuswaga wakidhani ni ndama. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, na pa kukaa palikuwa ile meza, tukaokota tofali pamoja. Watu wa vitabu wanaweza kubishana kama utani wa Wafipa na Wasukuma ni wa jadi au umeletwa na kuishi pamoja. Sisi wawili hatukuwasubiri wamalize.

Lalamiko langu la kwanza lilikuwa la mama aliyetukanwa na jirani yake kisimani. Niliandika kwa mwandiko mzuri wa chuoni: "Alimtukana tusi kubwa." Bwana Masanja akasoma, akavua miwani.

"Kubwa kiasi gani? Debe? Gunia?"

"Ni tusi la nguoni, Bwana Masanja."

"Liandike lenyewe."

"Mimi ni mwanakwaya."

"Basi liandike kwa sauti ya pili. Lakini liandike."

Nikaliandika, masikio yanawaka. Akanieleza kwamba hakimu hawezi kupima tusi asiloliona, na kwamba mtendaji anayeandika "maneno machafu" anamfichia siri aliyetukana. Tangu siku hiyo niliandika kila neno kama lilivyotoka mdomoni mwa mtu. Miaka ya baadaye binti yangu aliwahi kufungua daftari moja akitafuta karatasi ya kuchorea, akalifunga taratibu, akaniuliza kama padri anajua kazi ninayofanya.

Wiki yangu ya tatu nilifanya kosa la kuchekesha, na nawaomba mlishike, kwa sababu ndilo lililozaa lile lisilochekesha. Kulikuwa na msiba. Nilipofika nikakuta mwanaume mmoja amekalia kiti cha marehemu, amevaa kofia ya marehemu, anawaambia waombolezaji kwamba mzee huyu amekufa makusudi ili asimlipe jogoo wake. Kisha akamwambia mjane aache kulia kwa sauti mbaya, atamwamsha. Nilijua utani, nimeukulia, lakini nilikuwa nimetoka chuoni na kanuni zimenijaa kichwani. Nikamwita mgambo, nikaamuru yule mtu apelekwe ofisini kwa kosa la kudhalilisha mfiwa. Akaenda bila kubisha, bado amevaa ile kofia.

Haikupita nusu saa mjane mwenyewe akaja ofisini, kanga kichwani, macho yamevimba.

"Mwanangu, niachie mtani wangu."

"Mama, amekutukana mbele ya watu."

"Ndiyo kazi yake. Kaburi amechimba yeye tangu alfajiri. Sasa ukimfunga, nani atanichekesha? Wewe?"

Kijiji kizima kilinicheka msimu mzima. Watoto walikuwa wakiniona wanavaa kofia. Bwana Masanja aliliandika tukio hilo kwa mkono wake kwenye daftari langu, na kwenye mstari wa "hatua iliyochukuliwa" akaandika: "Mtendaji amesamehewa." Nilicheka na mimi. Lakini ndani nilijiapiza kwamba sitamkamata tena mtu kwa sababu ya utani, na kiapo cha mtu aliyeaibika ni kitu cha hatari sana kazini.

Jinsi nilivyotoka kijijini nikafika mjini Mpanda tuiruke, ni makaratasi tu. Nilikabidhiwa kata yenye soko, na jina lake nalihifadhi, kwani waliohusika bado wananunua nyanya mahali pale pale ninaponunua mimi. Nilijifunza mambo mengine yanayofaa kujua. Usimkalishe mlalamikaji na mlalamikiwa kwenye benchi moja wakisubiri, maana aliyeonewa akishakaa nusu saa bega kwa bega na aliyemwonea, zamu yake ikifika atakwambia amekuja kuulizia kitambulisho. Usiulize "ulimfanya nini?" kabla hujauliza "ulifanyiwa nini?" Na ukiona mtu amekuja na malalamiko huku anatabasamu, mletee maji ya kunywa, mambo ni mabaya.

Emeritha alikuja akitabasamu. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la soko. Wazazi wake walikuja nchini kama wakimbizi kutoka Burundi, yeye akazaliwa kwenye makazi waliyopewa, akasoma shule zetu, na cheti cha uraia alikuwa nacho ndani ya bahasha ya nailoni aliyoitembeza popote. Alishona sare za shule na magauni ya kipaimara, na ukimpelekea kitambaa alikurudishia hata vipande vilivyobaki, jambo ambalo kwa mafundi wa Mpanda ni karibu na muujiza.

Jirani yake pale barazani alikuwa Zakayo, muuza mitumba, mchekeshaji wa soko na mshereheshaji wa harusi. Alichekesha kweli, nisimnyime haki yake. Harusi ya mdogo wangu aliiendesha yeye na tulilia kwa kucheka. Soko lilipogawa upya nafasi, Emeritha akapata kona yenye mwanga ambayo Zakayo aliitaka. Tangu hapo Zakayo akawa na kichekesho kipya. Kila akipita mteja alitangaza: "Karibuni, karibuni, kwa mkimbizi hapa! Mshonewe upesi kabla lori la kambini halijamfuata!" Na soko lilicheka.

Emeritha aliponieleza niliandika maneno yote, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Kisha kwenye mstari wa aina ya tukio kalamu ikasimama. Nikaona kofia ya marehemu. Nikaandika: "Utani."

"Zakayo ndivyo alivyo," nikamwambia. "Hata mimi ananitania. Mzoee tu, mama."

"Sawa, Mama Mtendaji," akasema, bado anatabasamu.

Mwezi uliofuata akarudi. Alisema jana yake Zakayo alitangaza tena habari za lori, na yeye, akikumbuka nilivyomwambia, akaamua kutania. Akamjibu kwamba lori likija litaanza kubeba mitumba yake, maana nayo imetoka nje na haina karatasi. Ni jibu zuri. Wateja walicheka, na safari hii walimcheka Zakayo. Asubuhi Emeritha alipofika kazini alikuta mkanda wa cherehani umekatwa kwa wembe. Niliandika yote hayo. Nikaandika tena: "Utani, umezidi kidogo." Nikamshauri anunue mkanda mwingine na asichochee.

Mara ya tatu hakutabasamu. Mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwenye mlango wa nyumba aliyopanga: RUDI KWENU. Jioni mawe yalitupwa juu ya bati watoto wakiwa ndani wanakula. Mwenye nyumba alikuwa ameanza kusema ana mgeni anayehitaji chumba. Nilimwita mwenyekiti wa soko, naye akasema ni vijana tu, wamesikia utani wa Zakayo wakaupeleka mbali, tununue kreti ya soda tuwakalishe pamoja yaishe. Nikaona ni wazo zuri. Niliandika: "Utani, utasuluhishwa." Soda zilinyweka. Emeritha hakugusa yake, Zakayo akainywa.

Ya nne hakuja kulalamika. Alikuja kuomba barua ya kuhama.

Nilikuwa nimeshatoa fomu na kuanza kumwandikia. Bwana Masanja alikuwa kwenye kiti cha wageni. Alikuwa amestaafu siku nyingi, akija ofisini kwangu kusoma magazeti ya serikali na kulaumu chai. Nilimuuliza Emeritha sababu ya kuhama, kwa kuwa fomu inataka sababu.

"Andika nimeshindwa utani," akasema.

Bwana Masanja akashusha gazeti.

"Utani na nani?"

"Na Zakayo, mzee."

"Zakayo ni mtani wako? Tangu lini?"

Emeritha akaniangalia mimi. "Mama Mtendaji ndiye aliyesema."

Bwana Masanja akanyoosha mkono apewe daftari. Alisoma kurasa zote tatu taratibu, akifuatisha kidole. Akafika pa ule mkanda, akarudi juu, akasoma tena.

"We Mfipa," akaniambia, "mimi nikikuita mchawi unanifanya nini?"

"Nakuita mchunga ng'ombe."

"Halafu mimi nafanya nini?"

"Unacheka."

"Huyu mama alijibu mara moja. Umeandika mwenyewe hapa, tena umeandika vizuri. Alijibu leo, kesho mkanda ukakatwa. Mtani gani anajibiwa anakwenda kutafuta wembe?" Akanirudishia daftari. "Mtani wangu akinitukana, na mimi nina haki ya kumtukana, na tukifiwa tunazikana. Sasa niambie, huyu akifiwa, Zakayo atakwenda kuchimba?"

Nilikuwa naangalia mwandiko wangu. Kila kitu kilikuwa pale: maneno, siku, majina, jibu, mkanda, mkaa, mawe. Nilikuwa nimekusanya ushahidi kamili kwa mkono wangu, kisha juu yake nikabandika neno la kuufunika. Niliona haya, tena si haya ya kuchekwa kama ya ule msiba.

Emeritha alikuwa bado amesimama anasubiri barua. Nikamwomba anipe wiki moja kabla sijaipiga muhuri. Akasema mwenye nyumba amempa hadi mwisho wa mwezi, kwa hiyo wiki anayo, ingawa haoni ya nini.

Nikaenda sokoni kutafuta mashahidi. Niliuliza watu kumi na kitu na wote walinijibu neno moja, lile lile langu: utani. Muuza dagaa alisema utani. Fundi viatu alisema utani, na akaongeza kwamba hata mtendaji ameandika hivyo. Hapo nilitamani kujificha chini ya meza yake. Ndivyo inavyokuwa, wenzangu. Neno la ofisini likishatoka linatembea sokoni kwa miguu yake, na watu wanaliegemea.

Aliyenisaidia ni Mama Rehema, muuza chakula aliyekuwa akipika hatua chache kutoka kona ya Emeritha. Nilikula wali wake siku mbili bila kuuliza kitu. Siku ya tatu akakaa mbele yangu, akajifuta mikono.

"Mama Mtendaji, nyie mnataka kweli, au mnataka kujaza daftari?"

"Daftari limeshajaa."

Akatoa simu. Soko lilikuwa na kundi lao la simu la kupeana bei na habari za misiba. Akatafuta, akabonyeza, akaniwekea sikioni. Ilikuwa sauti ya Zakayo, ile ile ya harusini, imechangamka: "Wanangu, mkanda wa mkimbizi nimeshaula! Sasa ashone kwa meno! Akibisha tutamtafutia na nyumba." Baada yake zilifuata alama za kicheko kutoka kwa watu chungu nzima.

"Na hii hapa ni ya kwangu," Mama Rehema akasema, akinionyesha kikatuni kimoja kilichotoa machozi ya kucheka. "Nilicheka na mimi, siwezi kukudanganya. Mawe yalipotupwa nikakumbuka lile neno la nyumba. Tangu hapo silali vizuri."

"Utakubali kuandika maelezo?"

"Na hicho kikatuni kitaonekana?"

"Kitaonekana."

Akafikiri kidogo, akapakua wali wa mteja mwingine, akarudi. "Basi kionekane."

Sasa sikilizeni namna ya kutoa taarifa, maana hili chuoni hawasemi. Polisi niliyempelekea jalada alikuwa dada mmoja makini. Aliniambia kitabu chake kina kuharibu mali, kina vitisho na kina matusi, na kwamba ile sababu, yaani mtu kuchukiwa kwa asili yake, niieleze kwenye maelezo yangu, neno kwa neno, tangu siku ya kwanza, ili hakimu auone mnyororo wote badala ya mkanda mmoja. Kwa hiyo pangeni matukio kwa tarehe. Andikeni nani alikuwepo. Andikeni nini kilitokea baada ya mwenye kuonewa kujibu, maana hapo ndipo utani na chuki vinapoachana. Sauti za simu zihifadhiwe kabla hazijafutwa. Na kama ofisi yenu ilipokea lalamiko ikalipuuza, andikeni na hilo.

Hilo la mwisho lilinichukua siku mbili. Nililiandika nikalifuta. Mwenyekiti wa soko alikuja kunishauri kwamba zile kurasa tatu si lazima ziende, daftari ni la kwangu, na karatasi huweza kulowa. Bwana Masanja yeye hakushauri kitu, alikunywa chai na kuilaumu. Mwishowe nikaandika: "Mlalamikaji alifika ofisini kwangu mara tatu. Mara zote tatu niliandika kuwa ni utani. Nilikosea." Nikapiga muhuri juu yake. Mkurugenzi wa halmashauri aliniandikia barua ya onyo, ninayo mpaka leo, imeandikwa vizuri.

Zakayo alifikishwa mahakamani. Alipoulizwa juu ya ile sauti alisema alikuwa anatania. Hakimu akaomba isikilizwe mara ya pili, na safari hiyo hakuna aliyecheka, hata yeye Zakayo hakucheka. Alikutwa na hatia ya kuharibu mali na ya kutishia, akaadhibiwa, na soko likampa nafasi upande wa pili, karibu na jaa. Bado anasherehesha harusi. Bado anachekesha, nasikia, ila akifika kwenye habari za makabila anaangalia kwanza nani yupo.

Lakini kabla kesi haijaanza, wiki niliyoomba ilipoisha, Emeritha hakuja kuchukua barua. Nilisubiri siku mbili zaidi, kisha nikaenda mwenyewe barazani na kitambaa changu cha sare ya kwaya kama kisingizio. Alikuwa kwenye kona yake, mkanda mpya, watoto wamekaa kwenye ngazi wanaandika kazi za shule. Alinipima mabega bila maneno mengi. Nikamwambia barua yake bado ninayo mezani. Akasema niichane, mwenye nyumba amebadilisha mawazo, mgeni wake amepata chumba kwingine. Ndipo nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi, maneno mazuri kabisa, na nikayasema yote.

Alimaliza kuandika vipimo vyangu kwenye kipande cha karatasi kabla ya kujibu.

"Mama Mtendaji, Zakayo aliposema ni utani, nilijua anadanganya. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua mimi ni mtu na yeye ni mwongo." Akaweka kwenye cherehani sare aliyokuwa akiishona, akaanza kukanyaga. "Ulipoandika wewe, ndiyo nikarudi nyumbani nikajiuliza, labda ni mimi nisiyejua kucheka."

Akashona mshono wote hadi mwisho, akakata uzi, akaniambia nirudi Alhamisi nichukue gauni.